KUH: Kijana wenu alimfungia mamangu kioo cha gari na nyigu wanamuuma

Kwa Bwana Meneja,

Asalam aleikum. Naandika kwa heshima lakini hio heshima yenyewe inakaribia kuniisha. Niliwaita mje mtoe viota vya nyigu hapa nyumbani, cha kwenye boriti na cha kwenye bogenvilia. Fomu mnayo, na nyie wenyewe mmeandika humo kazi ya nyigu ni baada ya magharibi, wakiwa wamesharudi wote kiotani. Sasa nani alimtuma yule kijana saa saba mchana, jua la Malindi liko utosini na nyigu wanaingia na kutoka?

Hana glavu, hana wavu wa uso, na kopo lake la dawa lilipiga mara mbili likaisha. Akaniomba mafuta taa na kiberiti. Kiberiti, chini ya makuti! Nikamwambia la, hapa hakuwashwi moto. Basi akachukua ule mti wetu wa kuangulia maembe akakitwanga kiota pale kwenye boriti, na mamangu amekaa barazani na tasbihi yake, hajaambiwa hata ainuke.

Nyigu wakamwagika. Kijana akakimbilia gari yenu akapandisha kioo. Mamangu akamfuata akagonga, yule akamtazama akatikisa kichwa.

Nikapiga simu ofisini, dada wa hapo ananiambia "si nyigu tu, mpake ndimu". Ndimu! Wakati huo tushatoka hospitali, uso umefura macho hayaonekani, pumzi ilikuwa haitoki mpaka akadungwa adrenalini. Nyigu si nyuki jamani, nyuki akikuuma mwiba unabaki na yeye anakufa, nyigu anachomoa anarudia, na ukimponda anatoa harufu ya kuwaita wenzake. Mimi mama wa nyumbani nayajua haya, nyie mnalipwa kuyajua.

Narudia hapo kwenye habari ya kioo cha gari maana sidhani mmenielewa. Mtu mzima, umri wa nyanyake, buibui imejaa nyigu mpaka ndani ya mtandio, anagonga kwa kiganja anamwambia "mwanangu nifungulie", na huyo mwana yuko ndani anamwangalia, kichwa hivi hivi, hapana, kisha akapiga gari rivasi na mkono wa mamangu bado uko kwenye kioo. Akaenda zake. Mie ndio nilimrushia shuka nikamvuta ndani.

Nilikuwa nataka pesa zangu tu nilizotuma kwa M-Pesa. Lakini nikiandika haya naona hazitoshi, kwa hivyo mtalipa na bili ya hospitali yote na dawa anazotumia mpaka leo. Na kile kiota cha kwenye bogenvilia hakikuguswa kabisa, na pale kwenye boriti washaanza kujenga tena, leteni watu wanaojua kazi, usiku, wamevaa, bila malipo. Yule kijana asije na kopo lake. Aje na wewe meneja mumuombe mamangu radhi uso kwa uso, na akikataa kuwasamehe hilo ni lenu.

Mkinyamaza mpaka Ijumaa naenda PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, niulize kama mna leseni ya kupuliza dawa, na kutoka hapo ni mahakama ya madai madogo, wanasikiza mpaka shilingi milioni 1 na wakili simhitaji. Kamera ya jirani ilichukua yote na namba ya gari yenu inasomeka.

Mteja wenu, wa mwisho mtaa huu mkiendelea hivi.