Kijiti cha ufukweni: barua kwa mwanangu

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo, bibi yako naye hajambo, isipokuwa miguu yake ileile.

Juzi kwenye simu ulisema mvua ikianza kupiga bati huko Tabora unaamka, unakaa kitandani mpaka alfajiri. Ukalisema, halafu ukacheka. Nami nikakujibu, "Jikaze, wewe mwanaume." Siku mbili hizi neno hilo linanikereketa, maana mimi mwenyewe sikujikaza.

Unakikumbuka kijiti? Mwaka 2020 ziwa lilipokuwa linapanda nilikuwa nakichomeka jioni pale maji yanapoishia, asubuhi naenda kukitazama. Halikuja kwa kishindo kama mafuriko ya mto. Lilikuja kama mdai: leo mwembe, kesho choo, kesho kutwa vichanja vya dagaa. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga huko Kongo, kwa hiyo likishajaa halina haraka ya kupungua. Tulipohamia huku juu nikadhani yamekwisha. Kumbe kila saa nane usiku naamka, navaa kandambili, nashuka kutazama kijiti ambacho hakipo tena. Mama yako alidhani nina mwanamke.

Lilipopanda tena mwaka 2024 ndipo nikaharibika kabisa. Chakula hakipiti, nafoka hovyo. Mdogo wako alirudia kukojoa kitandani, na miaka yake tisa, nami nikamchapa. Duka moja la dawa likaniuzia vidonge vya usingizi bila kuniuliza lolote. Nikawa nalala kama gogo, naamka na woga uleule.

Mama yako ndiye aliyenipeleka hospitali. Nilikaa kwenye benchi nimeshusha kofia, nisije nikaonwa na watu wa mwaloni wakasema mzee karukwa na akili. Muuguzi aliyenipokea hakunilazimisha kusimulia. Aliuliza nalala saa ngapi, nakula nini, nyumbani naongea na nani. Kisha akaniuliza bila kuzunguka kama nimewahi kuwaza kujiua. Nilikaa kimya kidogo, nikamjibu ndiyo. Hakushtuka. Sijui kwa nini, lakini ule kutoshtuka kwake ulinipumzisha kuliko vile vidonge.

Akaniambia baada ya janga karibu kila mtu hutikisika, na wengi hutulia wenyewe wakipata mahali pa kulala, watu wao na kazi ya kushika. Ila mwezi ukipita na bado hulali, moyo unadunda ukisikia hata sauti ndogo tu, unakwepa kila kinachokukumbusha, hapo unatibiwa kama malaria inavyotibiwa. Habari ya kumchapa mdogo wako aliisikiliza akanitazama tu. Nikaelewa. Akanieleza pia kuna namba 116, mtoto anapiga bure na kusikilizwa.

Nilirudi mara nyingi, miezi kadhaa. Mara nyingine tuliongea tu. Kuna siku alinituma nishuke ziwani mchana, na mama yako pembeni, nisimame mpaka woga upungue wenyewe. Mara ya kwanza nilitapika.

Basi nenda Kitete, hospitali ya hapo Tabora. Pale mapokezi waambie unataka mtu wa afya ya akili, sema hivyohivyo, usiseme kichwa kinauma. Wakikuzungusha, rudi kesho yake. Ukiona aibu, nenda na yule rafiki yako mnayepanga naye chumba. Na wazo la kujidhuru likikujia, usingoje miadi: nenda saa hiyohiyo, halafu unipigie, hata kama ni saa nane usiku. Saa hiyo nimeizoea.

Nimempa mtu wa treni dagaa kilo mbili na chupa ya mawese, vipokee. Jumamosi nitapiga. Nikikuuliza hali, usiniambie "sijambo" ile ya haraka.

Ziwa limeshuka kidogo. Jana nimeuona msingi wa nyumba yetu, upande wa jikoni, umeota kijani. Nilisimama kidogo, nikarudi kula.

Baba yako