Wenye kambi Naivasha, tuambieni ukweli kuhusu hiyo wifi

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niongee na wenye sehemu za kupiga kambi kule Naivasha, hasa ile barabara ya Moi South Lake, na pia niongee na wenzangu tunaofanyia watu wa ng'ambo kazi kwa mtandao.

Mimi naishi Nakuru. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja wa kampuni moja ya Marekani, laptopu na hedifoni basi, na shifti yangu mwezi kama Aprili inaanza saa kumi jioni kwa sababu hapo ndo kule New York ni saa tatu asubuhi, namaliza saa sita usiku. Sasa Jumatatu ya Pasaka kwetu ni sikukuu lakini kwa Wamarekani ni siku ya kazi kama kawaida, kwa hivyo Pasaka iliyopita familia ilipoamua twende tulale kwa tenti Naivasha siku tatu, sikuomba ruhusa. Nilipigia kambi simu wiki moja kabla nikauliza swali moja tu, wifi iko? Nikaambiwa iko, tena iko na nguvu. Hata pale getini imeandikwa kwa ubao, rangi nyekundu, WIFI YA BURE. Nikaamini.

Jumapili saa nne asubuhi nikaipima. Ilikuwa inakimbia vizuri sana, nikamwambia mume wangu hapa kesho nitafanya kazi bila wasiwasi. Kumbe saa hiyo watu wote wameenda mbuga ya Hell's Gate kuendesha baiskeli na kambi iko tupu! Hilo ndo kosa ambalo nataka mtu mwingine asirudie, usipime wifi ya kambi asubuhi kama kazi yako ni ya jioni.

Jumatatu mvua ya Aprili ikaanza mapema, watu wakarudi kambini wote kwa pamoja, shule zimefungwa kwa hivyo watoto ni wengi, kila tenti iko na simu tatu nne. Saa kumi na dakika kama ishirini hivi nilikuwa kwa laini na mama mmoja mzee, ameagiza betri za kile kifaa cha kumsaidia kusikia na hazijafika. Hebu fikiria, mtu masikio yake yana shida, alafu sauti yangu inamfikia vipande vipande. Namsikia anauliza kama bado niko, namjibu niko mama, niko, na yeye hanisikii, anauliza tena. Mara ya tatu laini ikakatika. Kwa rekodi za kampuni hiyo inaandikwa ni mimi nimemkatia, na mteja wa umri huo ukimkatia simu hata wewe mwenyewe roho inakuuma.

Nikafunika laptopu na leso nikakimbia risepsheni kwenye mvua. Pale nikamkuta kijana anayeangalia kambi, nikamweleza. Aliniangalia kwa huruma kabisa akaniambia, "Lakini madam, hii wifi ni ya wageni kutuma picha."

Mhariri, hilo neno la yule kijana ndo limenifanya niandike barua hii, kwa sababu alisema ukweli ambao ubao wa getini hausemi. Na ni ukweli kweli kweli, manake simu nyingi siku hizi zimesetiwa zikishika tu wifi zinaanza kupandisha picha zote kwa akaunti ya mtu, yeye mwenyewe hata hajui, simu iko mfukoni. Watu hamsini wametoka Hell's Gate kila mmoja na picha mia mbili na video za pundamilia, wote wamerudi saa kumi, wote simu zao zinapandisha kitu kwa wakati mmoja. Na njia ya kupandisha kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kushusha, na hiyo nyembamba ndo sauti yangu inapitia kwenda kwa mteja. Ndo maana mimi nilikuwa namsikia yule mama vizuri na yeye hanisikii.

Kuna kitu kingine watu wengi hawajui na mimi nilikijua kwa shida. Ile mistari ya wifi unaona kwa simu ikiwa imejaa haikuambii intaneti iko, inakuambia tu simu yako inaisikia rauta vizuri, kile kisanduku kinachorusha wifi. Nyuma ya rauta kuna laini inayotoka nje, na hiyo ndo inagawanywa. Ni kama mfereji mzuri wa kung'aa na tangi haina maji. Chukua laini ya megabiti 20 kwa sekunde ugawanye na simu 60 zinazotumika, kila moja inapata kama theluthi moja ya megabiti, na mkutano wa video wa kikundi unataka mbili au tatu. Simu ya sauti peke yake inataka kidogo sana, hata megabiti moja haifiki, lakini sauti haivumilii kungoja foleni, ikichelewa kidogo ishaharibika.

Alafu kuna miti. Naivasha kambi nyingi ziko chini ya ile migunga ya shina la njano, inapendeza sana, sitaki mtu aikate. Lakini majani yakilowa mvua yanakula mawimbi ya wifi, na tenti yangu ilikuwa karibu na ziwa, mbali na risepsheni. Najua kuna wenye kambi ambao wameshaweka Starlink, ile intaneti ya setilaiti, iko Kenya tangu Julai 2023, ni jambo zuri, lakini lile dishi linataka kuona anga wazi, ukiliweka chini ya mgunga litakatika kila baada ya muda mfupi na mgeni atadhani ni yeye ana shida. Liweke juu ya paa au kwa mlingoti uliopita miti.

Nikahamia risepsheni, nikakaa kwa kiti cha plastiki kando ya friji ya soda, hapo nikasukuma kazi mpaka saa mbili usiku, kwa shida lakini inaenda. Saa mbili stima ikapotea. Na rauta ikazima papo hapo kwa sababu haina betri. Ukisimama barabarani kule mchana unaona mvuke wa Olkaria ukipanda, pale stima inatengenezwa kutoka ardhini tangu 1981, na hapo chini yake sisi tumekaa gizani kwa sababu ya rauta inayokula kama wati 10 tu. Betri ndogo ya rauta ingeishikilia masaa. Huo sio mzigo kwa mtu mwenye tenti arobaini.

Kurudi kwa tenti nikachukue pawabenki pia sio kitu cha kuamka tu na kwenda, manake usiku viboko wanatoka ziwani kula nyasi, na kuna waya wa umeme wa kuwazuia ambao stima ikienda hujui kama bado unafanya kazi. Nilimngoja askari na tochi dakika kumi na tano. Tulitembea polepole tukisikia wakitafuna upande ule mwingine wa waya, na moyoni nawaza shifti inanipita.

Niliporudi nikakuta yule kijana amenunua bando ya shilingi hamsini kwa simu yake mwenyewe, amewasha hotspoti, ameiweka kwa dirisha ambapo netiweki ilikuwa inashika. Hakuna mtu alimwambia. Nikamaliza shifti kwa hiyo simu ya kijana.

Kesho yake msimamizi wangu akataka maelezo. Sasa Mei 2024 zile nyaya za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipopata hitilafu na mtandao Afrika Mashariki yote ukalegea, hakuna aliyenilaumu, ilikuwa kwa habari, dunia nzima iliona. Lakini nenda umwambie mtu yuko Marekani kwamba wifi ya kambi ilijaa picha za pundamilia. Anaona tu umeenda kucheza saa za kazi. Nilipewa onyo la maandishi na nililikubali.

Kwa hivyo wenye kambi nawaomba kitu kimoja, andikeni ukweli. Kama wifi ni ya kutuma picha, andikeni ni ya kutuma picha, hakuna mtu atawachukia, tutakuja bado na tutalipa, tutabeba zetu. Na mtu akipiga simu akiuliza, asijibiwe iko na nguvu, aambiwe inafika tenti gani na inaishia wapi, jioni inakuwaje kambi ikijaa, stima ikienda inabaki ama inaenda nayo. Hayo mfanyakazi wako anayajua yote, wangu aliyajua. Na kama mnataka kutuhudumia sisi tunaofanya kazi, rauta nyingi zinakubali kupunguzia kila simu kiasi fulani ili mmoja asimeze yote, ama tengeni laini ya pili na paswadi yake mtutoze. Mimi shilingi mia tatu kwa siku nalipa kwa furaha.

Serikali yenyewe, Oktoba 2024 Rais Ruto alitangaza kibali maalum cha wageni wanaofanya kazi kwa mtandao waje wakae Kenya wakifanyia kazi zao hapa. Sawa, lakini hao watakuja kulala wapi? Wengi watataka hizi hizi sehemu nzuri za ziwa na milima, na sisi Wakenya ambao tumefundishwa kazi za mtandao na mpango wa Ajira Digital tangu 2016 tuko hapo kabla yao. Naomba Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii ikikagua vyoo na usalama iangalie pia kama kile kimeandikwa getini ndo kiko ndani.

Kwa wenzangu, wifi ya kambi ichukue kama msaada tu. Beba laini mbili za kampuni tofauti, zipime ukiwa kwa tenti saa ile ile ya shifti yako, na siku ya kwanza uulize risepsheni ni wapi hapa simu inashika vizuri, wanajua mpaka jiwe la kusimamia. Kama kampuni yako inakataza mtandao wa umma, usibishane nayo, paswadi iliyobandikwa ukutani kila mpita njia anayo na wewe umeshika anwani na kadi za watu.

Ile kambi sitaitaja. Yule kijana nilimrudishia hamsini yake na nikamwongezea, alikataa mara mbili kabla achukue. Bosi wake akisoma hapa ajue kwamba usiku ule wa Jumatatu ya Pasaka, kile ubao wake uliahidi, kilitoka kwa mfuko wa mfanyakazi wake.

Msomaji wenu,
Nakuru