Barua ya Wazi kwa Mnaovuta Sigara Mkiwa na Wasiovuta

Wanangu wapendwa,

Ninawaandikia ninyi mnaovuta sigara chini ya paa moja na watu wasiovuta, iwe nyumbani au kazini. Shauri la kuacha kabisa ni zito, lina msaada wake wa kitabibu, na ninawaombea mlifikie; leo nataka tuzungumze juu ya moshi unaoingia katika kifua cha mtu ambaye hakuwasha chochote.

Wengi wenu huamini kwamba mkifungua dirisha, mkawasha feni au mkahamia chumba cha pili, mmekwisha kutimiza wajibu. Mnajifariji bure. Sehemu kubwa ya moshi unaojaa chumbani hutoka kwenye ncha ya sigara inayoendelea kuungua mkononi wakati hamvuti, na moshi huo haujapita kwenye kichungi wala katika pafu la mtu yeyote. Ndani yake mna maelfu ya kemikali, zikiwemo kadhaa zinazosababisha saratani, kama vile benzini, na chembe ndogo mno zinazobaki hewani hata pale pua zilipokwisha kuizoea harufu. Feni huzisambaza, kiyoyozi huizungusha hewa ile ile, na moshi hupenya chini ya mlango uliofungwa. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilieleza waziwazi kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kisicho na hatari, na kwamba kuwatenga wavutaji ndani ya jengo lile lile hakuwakingi wengine.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1981 mtafiti wa Japani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake zaidi ya 91,000 wasiovuta, akaonyesha kwamba wake wa wavutaji wakubwa walikufa kwa saratani ya mapafu kwa wingi kuliko wake wa wasiovuta. Kampuni za tumbaku zilimpinga vikali, kama ilivyotarajiwa, lakini tafiti zilizofuata zilimthibitisha. Moyo nao haukusalimika: asiyevuta anayeishi au kufanya kazi penye moshi huongezewa hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30. Watoto hupata pumu kali zaidi na maambukizi ya masikio, na vichanga huongezewa hatari ya kufa ghafla usingizini.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba wanaoumia ndio wasioweza kusema. Mtoto hamwamuru baba yake atoke nje, msaidizi wa nyumbani anaogopa kufukuzwa, na karani mpya hatamkemea mkuu wake wala mhudumu wa baa mteja wake. Ukimya wao msiuhesabu kuwa ridhaa. Ireland ilipopiga marufuku uvutaji katika sehemu zote za kazi zilizo ndani ya majengo, baa zikiwemo, mwezi wa Machi 2004, hoja kuu ilikuwa afya ya wafanyakazi hao, na wahudumu wa baa wasiovuta waliopimwa baadaye walionekana kupumua vizuri zaidi. Sheria za namna hiyo zimeenea katika nchi nyingi, lakini kwa kawaida huishia kwenye mlango wa nyumba. Huko ndani hakuna askari ila ninyi wenyewe.

Basi anayetaka kuvuta na atoke nje kabisa, mbali na mlango na madirisha, hata kama kuna mvua au baridi, bila kungoja kuombwa. Katika gari msivute hata mkiwa peke yenu, kwa sababu mabaki ya moshi hung'ang'ania viti, na mtoto atakaa hapo kesho. Kabla ya kumpakata mtoto mchanga, nawa mikono na ubadilishe shati. Wakuu wa kazi, msipoteze fedha kujenga chumba cha wavutaji, kwa kuwa kila mlango wake unapofunguliwa moshi hutoka, na kuna mtu anayelazimika kuingia kukisafisha. Mgeni mvutaji mwelezeni kwa upole tangu anapoingia. Atakayenuna na anune, kisha akimaliza sigara yake huko nje arudi tuendelee na mazungumzo.

Wenu katika kuwatakia heri,
Mzee wenu