Wanangu, hiyo "sorry" mnayoisema ina mambo

Wanangu mliokuja huku Uingereza kulea wazee, shikamoo zenu nimezipata, marahaba. Nawaandikia kuhusu hili neno sorry manake nasikia mnaambiana kwenye magrupu ya WhatsApp usiseme sorry kazini hata iweje, ukisema tu umekiri kosa. Mnaambizana hivyo kwa sababu ya yaliyotukuta sisi wa kwanza, nawaelewa kabisa.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa namhudumia bibi mmoja, siku hiyo kikombe kikamponyoka chai yote ikammwagikia mapajani, mi niko mlangoni na mataulo mkononi, nikamkimbilia huku nafuta huku nasema sorry, sorry bibi, sorry. Binti yake alikuwa koridoni kasikia hizo sorry tu. Kesho yake naitwa ofisini, ulimfanya nini mama wa watu mpaka unaomba radhi? Na mimi jamani nilikuwa nampa pole!

Sisi pole ni pole na samahani ni samahani, mtu akijikwaa njiani hata humjui unampa pole yake unapita. Wenzetu vyote wamevitia kapu moja, ndo maana ukimwambia sorry aliyejikwaa anakujibu "it's not your fault", hajakataa pole yako, yeye kasikia samahani. Na neno lenyewe asili yake liko upande wetu wa pole, Kiingereza cha kale walisema sārig, limetoka kwenye sār yaani maumivu, ndo hiyo sore ya sore throat. Na sorrow wala si ndugu yake japo yanafanana kama mapacha.

Kwa hiyo pole yenu ipeni mkia. "I'm sorry that happened to you." Kwa mfiwa, "sorry for your loss". Hapo hakuna wa kukuelewa vibaya. Mtu akisema "sorry?" sauti inapanda mwishoni hajasikia tu, rudia, usianze kujitetea.

Lakini ukikosa kweli, mfano umempa mzee dawa sio yake, nakuomba mwanangu usifiche, mwambie msimamizi saa ile ile, mpigieni daktari, na mzee umuombe radhi kwa kulitaja kosa lenyewe. Sheria ya fidia ya 2006 ya England na Wales, kifungu cha 2, inasema kuomba radhi peke yake sio kukiri uzembe, Scotland nao wana yao ya 2016. Kuficha ndo kutakuponza, na mzee wa watu anaweza kufa.

Na kama kikombe kimemponyoka mwenyewe, mpe pole, mfute, mwangalie kama ameungua, halafu kabla hujatoka zamu andika kwenye fomu ya tukio ulichokiona, saa ngapi, ulikuwa umesimama wapi, nani alikuwepo. Mimi siku ile sikuandika kitu.