Shangazi wa bibi harusi hakumaliza kusema

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari, lakini makala yenu ya Jumamosi kuhusu vijana wa vichekesho hapa Kisumu imenishinda kunyamaza. Eti komedi ilikuja na runinga, na maana yake ni kuchekesha watu kwa njia yoyote ile!

Nimefundisha fasihi miaka 27. Neno hilo ni la Wagiriki: komos, msafara wa watu waliochangamka kwa divai ya sherehe, pamoja na wimbo wao. Athens iliingiza komedia rasmi katika mashindano ya sikukuu ya Dionysus, mungu wao wa divai, mwaka wa 486 kabla ya Kristo. Mwaka wa 424 kabla ya Kristo mtunzi wa komedia Aristophanes akamvaa Cleon, mwanasiasa mwenye nguvu, hadharani. Mwanafalsafa Aristotle naye aliandika kwamba kinachochekesha ni kasoro isiyoumiza, kama barakoa ya mchezo: sura imepinda, lakini haina uchungu. Na nyanya zetu waliowaita wajukuu "mume wangu" na kuwadai mahari, walikuwa wakingoja runinga gani?

Isiyoumiza, Mhariri. Aprili nilimwoza binti yangu katika ukumbi mmoja hapa mjini. Wifi yangu, shangazi wa bibi harusi, ana kigugumizi. Alikuwa ameandika salamu zake kwenye karatasi ya daftari, akaikunja mara nne. Aliposimama na kusema "Na-na-nawa", MC akamrudia kwenye maikrofoni, "Na-na-na-na!", akacheza na miguu. Ukumbi ukaangua kicheko, na nyuso nyingine nilizijua. Wifi akaikunja karatasi yake tena, akaitia mkobani, akaketi. Hakugusa chakula. Huo si utani! Mtani wako ni yule unayemchokoza naye akakurudishia. Huyu angerudisha vipi, ilhali maikrofoni imeshikwa na anayemcheka?

Redio za asubuhi kwenye matatu ni yale yale. Kuanzia Kondele hadi Ahero ni Mluhya na ugali, Mjaluo na majigambo, na ukimwomba dereva apunguze sauti anaongeza.

Kitinda mimba wangu anaoa Desemba. MC tutakayemlipa atakuja kwanza nyumbani, aketi jikoni na wifi yangu wakichambua mboga, amsikilize hadi amalize kila sentensi. Mtumeni na mwandishi wenu.

Mwalimu mstaafu,
Kisumu