Kabla ya kulaumu lami kuukuu, hesabuni mifuko ya saruji

Ndugu Mhariri,

Barabara iliyosagwa na kujengwa upya papo hapo ikianza kupasuka, lawama huiangukia lami kuukuu. Sisi tungeanza kwa kuuliza saruji iliwekwa kiasi gani.

Mashine husaga lami iliyochakaa pamoja na kokoto za chini yake, kwa kawaida kina cha milimita 150 hadi 250, na hapohapo huchanganya na lami ya povu, yaani lami ya moto iliyopulizwa maji kidogo ikafura. Lami hiyo mpya huwa asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito wa kifusi, na saruji isivuke asilimia 1. Saruji ikiizidi lami, tabaka hukakamaa, halinyumbuki tena chini ya malori, hupasuka, na maji hupenya.

Msimamizi huongeza mifuko akiona kifusi kimelowa, eti kwa usalama. Kumkagua ni rahisi. Kina kikiwa milimita 200, mita moja ya mraba ina takriban kilo 420 za kifusi, kwa hiyo asilimia 1 ni kilo 4 na ushei. Mfuko wa kilo 50 unatosha eneo la mita 3 kwa 4. Mifuko ikipangwa karibu zaidi ya hapo, simamisheni kazi.

Povu nalo lipimwe kila lori la lami linapobadilishwa. Ndoo na saa vinatosha. Lifure angalau mara 8, na lisinywee hadi nusu kabla ya sekunde 6. Lami iliyopoa chini ya nyuzijoto 160 za Selsiasi hufura vibaya, ikaacha nyuzinyuzi na madonge meusi ambayo rola haiwezi kuyatibu. Kifusi kisicho na vumbi laini la mawe, angalau asilimia 5, huleta madonge hayohayo hata povu likiwa zuri, maana lami hushika vumbi kwanza.

Palipo na udongo mlaini chini, hakuna dawa ya juu: chimbeni, mjaze upya, ndipo msage.

Magari mepesi yanaweza kupita siku hiyohiyo. Tabaka la juu lisubiri unyevu ushuke. Likiwahishwa, maji hufungiwa ndani, na gurudumu la kwanza zito huacha mfereji.

Wahandisi wa barabara