Nyuki hawaokoti nta mauani, na malkia wao hatoi amri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu ukurasa wa watoto wa Jumapili iliyopita, ule uliohusu nyuki. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi wilayani Sikonge mkoani Tabora, na nafuga nyuki pamoja na kina mama wenzangu. Mjukuu wangu aliye darasa la tano aliusoma ukurasa huo wote, kisha akaniuliza, "Bibi, kumbe nta inatoka kwenye maua?" Mwandishi wenu ameandika mambo mawili ambayo siwezi kuyaacha yakae vichwani mwa watoto: kwamba nyuki hukusanya nta mauani, na kwamba malkia huzaliwa katika ukoo wa kimalkia, akikua anawagawia wenzake kazi. Yote mawili si kweli.

Nianze na nta. Wajukuu zangu mnaosoma, nyuki akitua kwenye ua la mtundu au la mwembe hutafuta mbochi, yale maji matamu, na chavua, ule unga anaoubeba miguuni. Wapo wanaochota maji, na wapo wanaoleta utomvu wa miti wa kuzibia nyufa za mzinga. Nta haimo katika mizigo hiyo. Nta inatoka mwilini mwa nyuki mwenyewe. Nyuki kibarua akifikisha umri wa kama wiki mbili, tezi zilizo chini ya tumbo lake, jozi nne, huwa zimekomaa. Anakula asali akashiba, anajining'iniza pamoja na wenzake wakiwa wameshikana miguu, na baada ya muda nta inajitokeza katika vigamba vidogo vyembamba. Kigamba hicho anakichomoa kwa mguu wa nyuma, anakipeleka mdomoni, anakitafuna mpaka kilainike, ndipo anakibandika panapojengwa. Wafugaji hukadiria kwamba kilo moja ya nta huwagharimu nyuki kilo sita hadi nane za asali. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini nagombana na watu wanaokamua asali halafu masega wanayatupa jalalani.

Wazungu wenyewe kwa muda mrefu waliamini kwamba nta inatengenezwa kwa chavua. Aliyeonyesha vinginevyo ni François Huber wa Geneva, katika nchi ambayo leo ni Uswisi, na Huber alikuwa kipofu. Msaidizi wake, François Burnens, ndiye aliyekuwa akitazama. Huber anauliza swali, Burnens anafungua mzinga, anaangalia, anarudi kusimulia, na Huber anauliza tena. Waliwafungia nyuki ndani wakawapa asali au sukari tu, bila chavua. Nyuki wakajenga masega vilevile. Wengine walipewa chavua bila asali; hao hawakujenga kitu. Kazi yao ya mwanzo ilichapishwa mwaka 1792, na iliandikwa kwa mtindo wa barua, kwa hiyo nami kwa barua hii najiona nimo katika safu ya watu wa maana.

Sasa ujenzi. Sisi tunaanza na msingi chini, nyuki wanaanza darini. Wanabandika nta juu ya mzinga na kuteremka nayo. Mara nyingi makundi mawili au matatu huanza sehemu tofauti za dari ileile, na sega likikua sehemu hizo hukutana na kuungana, wala usione mahali pa kiungo isipokuwa umetazama sana. Sega lina vyumba pande zote mbili, vimepeana migongo. Kila chumba kimeinuliwa kidogo upande wa mlangoni ili asali mbichi isimwagike. Ukuta wa chumba unene wake haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na bado sega zima linabeba kilo kadhaa za asali likiwa linaning'inia.

Watoto huuliza kwa nini vyumba vina pembe sita. Nilipokuwa nafundisha, niliwapa wanafunzi hesabu hii. Chukua eneo la sentimita za mraba 100. Ukilizungushia ukuta wa pembetatu yenye pande sawa, utahitaji ukuta wa sentimita 45.6 hivi. Ukitumia mraba, sentimita 40. Ukitumia umbo la pembe sita zilizo sawa, sentimita 37.2 zinatosha. Duara lingehitaji ukuta mfupi zaidi, lakini jaribu kupanga vifuniko vya soda mezani: hata uvibananishe vipi, panabaki mapengo katikati. Maumbo ya pembe sita hubanana bila kuacha pengo, na kila ukuta unatumiwa na majirani wawili. Wanahisabati walilisadiki jambo hilo tangu enzi za Wayunani, ila uthibitisho kamili kwamba hakuna mpango mwingine wa kugawa uwanja katika maeneo sawa kwa ukuta mfupi zaidi ulitolewa na Mmarekani Thomas Hales mwaka 1999. Nyuki hawakumsubiri.

Kati ya sega na sega nyuki huacha ujia wa kuwatosha kupita migongo ikielekeana. Mmarekani Lorenzo Langstroth aliutilia maanani upana wa njia hizo mwaka 1851, akaunda mzinga wenye fremu zinazochomoka bila kuvunja sega. Huku kwetu wazee walitundika mizinga ya magogo na ya magome juu ya miti, na kuipanda usiku ilikuwa kazi ya wanaume. Kikundi chetu kinatumia mizinga ya mbao yenye vijiti vilivyopangwa juu, aina iliyobuniwa Kenya miaka ya 1970, tunayoitundika kimo cha kiuno. Nyuki wakijenga sega moja chini ya kijiti kimoja, hapo unavuna sega unalotaka na kuacha mengine. Lakini kijiti kiwe na upana wa milimita 32, ambao ndio unaowafaa nyuki wetu wa Afrika. Fundi mmoja alituchongea vijiti vipana, akasema milimita chache si neno. Nyuki wakajenga kwa kipimo chao, sega likaanzia kijiti cha kwanza likaishia cha tatu, na ule mzinga ukawa haufunguki bila kuharibu kila kitu. Fundi alikuja kuona. Alisimama mbali.

Ndani ya sega kila kitu kina mahali pake. Asali inakaa juu na pembeni, chini yake ukanda wa chavua, na katikati ndipo watoto wanapolelewa, kwa joto la nyuzi 34 hadi 36 usiku na mchana. Kukiwa na baridi, nyuki hujikusanya na kutetemesha misuli ya mabawa ili kupasha joto. Jua likiwaka sana huleta maji, wakayatandaza na kupepea. Vyumba vingi ni vidogo, vya vibarua. Vipo vipana kidogo, vya madume. Malkia anapokuja kutaga huchungulia chumba na kukipima upana kwa miguu ya mbele. Chumba chembamba anakitagia yai lililorutubishwa, ambalo litakuwa jike. Chumba kipana anakitagia yai lisilorutubishwa, na hilo litakuwa dume. Sasa mwandishi wenu na anijibu: nani aliyejenga vyumba vile, na nani aliyeamua vipana viwe vingapi? Ni vibarua. Malkia hutaga kulingana na alichokikuta.

Tena huyo malkia wamemtengeneza wao. Hapa ndipo naomba watoto wasome polepole. Yai la kibarua na yai la malkia ni yai moja. Hakuna ukoo, hakuna damu ya kifalme. Yai hukaa siku tatu, linaanguliwa likawa buu jeupe tunaloliita jana. Kwa siku kama tatu za mwanzo, majana yote hulishwa maziwa ya nyuki, chakula cheupe kinachotoka kwenye tezi za vichwa vya nyuki walezi. Baada ya hapo, jana linalokuzwa liwe kibarua hubadilishiwa, linapewa chakula kilichochanganywa na asali na chavua. Jana linalokuzwa liwe malkia linaendelea na maziwa yale, tena linajaziwa mpaka linaelea ndani yake. Lishe hiyo ndiyo inayokuza mayai tumboni mwake na kumrefusha mwili. Tangu yai kutagwa, malkia hutoka baada ya siku kama 16, kibarua 21, dume 24; nyuki wetu wa Afrika huwahi kidogo kuliko wa Ulaya. Na aliyetumia siku chache kukua ndiye anayeishi zaidi: kibarua wakati wa kazi nyingi huishi wiki tano au sita, malkia huweza kuishi miaka miwili, mitatu, hata zaidi.

Chumba chake hakina pembe sita. Kinaning'inia, mdomo ukitazama chini, kina vishimovishimo nje, na kwa umbo na ukubwa kinafanana na karanga isiyomenywa. Ukiviona vyumba hivyo kwenye ukingo wa chini wa sega, aghalabu nyuki wamekuwa wengi na wanajiandaa kugawana. Hapo malkia mzee ndiye anayehama na bumba la kwanza, wala si binti, na nyumba yenye asali anawaachia wanaobaki. Ukiviona katikati ya sega, huenda malkia amekufa ghafla. Nyuki hulijua hilo ndani ya saa chache, kwa kuwa harufu yake, wanayopitishiana kwa kugusana, imepungua. Wanachagua majana machanga ya vibarua, wanabomoa kuta za jirani, wanapanua chumba na kukielekeza chini, kisha wanayamiminia maziwa. Jana ambalo asubuhi lilikuwa njiani kuwa kibarua, jioni limeshaanza safari nyingine. Ndiyo sababu mfugaji asiye na malkia anaweza kuchukua kipande cha sega chenye mayai na majana machanga kutoka mzinga mwingine, akakitia ndani, na nyuki wakajilelea malkia wao. Nimelifanya hilo mara nyingi, na nyuki hawajawahi kuniuliza ukoo.

Hulea kadhaa kwa wakati mmoja, wasije wakakosa. Wa kwanza kutoka hutembea juu ya sega akitoa mlio mwembamba, na walio bado ndani ya vyumba vyao hujibu kwa sauti nzito ya kukatakata. Ukiweka sikio kwenye mbao jioni tulivu unawasikia. Kama kundi halina mpango wa kuondoka tena, yule wa kwanza huvitafuta vyumba vya wenzake, hutoboa ukuta wa ubavuni na kuwachoma humohumo. Mwiba wake hauna vijino vya kunasa kama wa kibarua, kwa hiyo anaweza kuchoma tena na tena. Baada ya siku chache huruka juu, hukutana angani na madume kumi, kumi na tano, hata zaidi, na kila dume anayefanikiwa hufa palepale. Mbegu anazorudi nazo anazihifadhi katika kifuko mwilini na kuzitumia maisha yake yote. Kwenye msimu mzuri anataga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku. Vibarua wanamlisha, wanamsafisha, na siku utagaji wake ukilegea wanajenga karanga nyingine. Huyo ndiye mtoa amri wenu.

Neno moja kwa watoto wanaotaka kwenda kuangalia: msichokoe mzinga kwa fimbo, na msiende peke yenu. Kibarua akichoma, mwiba hubaki mwilini mwako na kutoa harufu inayowaita wenzake. Ndani yake mna kemikali ileile inayonukia kwenye ndizi mbivu. Ukichomwa, kwangua mwiba haraka, kimbia, ingia ndani. Usipunge mikono.

Mwisho ni ule mchoro. Malkia amechorwa na taji kichwani na fimbo mkononi, ameketi kwenye kiti, na nyuma yake vyumba vya sega ni vya duara. Naomba uchorwe upya. Ninacho kipande cha sega kikavu chenye vyumba viwili vya malkia: kimoja kimefunguka nchani, kingine kina tundu ubavuni. Mchoraji wenu akikihitaji nitakipakia kwenye basi la Dar es Salaam, mniambie tu nani atakipokea stendi.

Mwalimu mstaafu na mfugaji nyuki,
Sikonge, Tabora